Rasta za mwonekano wa asili: Anayeamua soko ni msusi

Mchuuzi anayeingia Kariakoo kununua nywele za kusukia kwa bei ya jumla hukutana kwanza na rangi. Pakiti nyekundu, za zambarau, za kijivu na za bluu zimetundikwa mlangoni kwa sababu zinavuta macho. Nyeusi na za kahawia iliyokolea ziko ndani, zimepangwa kwenye maboksi, na hizo ndizo zinazotoka kila siku. Wengi walioanza biashara hii kwa mtaji mdogo walinunua zilizokuwa mlangoni, na baadhi yao bado wanazo.

Hapo ndipo fedha inapolala. Rasta hazichachi wala hazihitaji jokofu, jambo linalowafanya wafanyabiashara wengi waamini kuwa mzigo wake hauwezi kuharibika. Ni kweli hauozi, lakini mtindo unaupita. Mwenye duka dogo aliyejaza rafu kwa rangi ambazo hakuna anayeziulizia atalipa kodi ya pango mwezi hadi mwezi akilinda pakiti zilezile, huku jirani yake mwenye rangi nne tu akirudi sokoni kila wiki.

Mtindo unaoongoza mauzo kwa sasa katika miji mingi ya Afrika Mashariki ni ule wa mwonekano wa asili. Maana yake si kuacha nywele za bandia. Maana yake ni kuzisuka kiasi kwamba mtu akikaa jirani na mhusika ndani ya daladala asiweze kuonyesha kwa kidole mahali nywele za mwenyewe zinapoishia na za dukani zinapoanzia. Kwa mnunuzi wa jumla hilo linabadilisha karibu kila kitu: aina ya uzi, uzito wa pakiti, namba ya rangi, na hata nani wa kuulizwa kabla ya kufunga mzigo.

Biashara hii si ngeni. Kabla ya nywele za viwandani kuenea, akina mama walikuwa wakisukana kwa uzi mweusi, na duka la vitu vidogo vidogo ndilo lililouza uzi huo. Nchini Tanzania mlango ulianza kufunguka mwaka 1984, serikali iliporuhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa. Maduka ya vipodozi yakaongezeka, na nywele za pakiti zikaja pamoja na mafuta na dawa za kunyoosha nywele. Leo Kariakoo huuzia pia wanunuzi kutoka Zambia, Malawi, Komoro na Kongo, na rasta ni mzigo mwepesi unaoweza kusafirishwa kwa basi bila matatizo makubwa.

Jambo la kwanza ambalo mfanyabiashara mgeni hana budi kulielewa ni kwamba nyingi ya nywele hizi si nywele hata kidogo. Ni nyuzi za kiwandani. Inayojulikana zaidi ni modakriliki, ambayo jina lake la kibiashara, Kanekalon, ni la kampuni ya Kaneka ya Japani iliyoanza kuitengeneza mwaka 1957. Uzi huu ni laini, hausambazi moto kwa urahisi, na mng'ao wake unaweza kupunguzwa kiwandani. Aina nyingine ni uzi wa PVC, jamii moja na mabomba ya maji, ambao mara nyingi hung'aa zaidi. Ya tatu ni poliesta, inayovumilia joto kuliko hizo mbili, ndiyo maana baadhi ya pakiti zimeandikwa kwamba zinaweza kupigwa pasi ya nywele. Neno Kanekalon kwenye karatasi ya pakiti halitoshi kuwa ushahidi wa kilichomo.

Mng'ao ndio unaotoa siri. Nywele za Mwafrika, hata zikipakwa mafuta, haziakisi mwanga kama plastiki. Kwa hiyo pakiti inayopendeza zaidi chini ya taa ya duka huenda ikawa ndiyo mbaya zaidi kichwani saa sita mchana. Wanunuzi wazoefu huitoa pakiti moja nje juani kabla ya kulipia. Huisugua kati ya vidole kusikiliza kama inatoa mlio wa nailoni. Huvuta ncha kuona kama nyuzi zote zimekatwa sawasawa au zinapishana, kwa sababu ncha zinazopishana ndizo zinazomaliza msuko kwa kuchongoka kama nywele zilizoota, badala ya kuishia butu kama ufagio. Pakiti zilizochambuliwa ncha tangu kiwandani huuzwa bei ya juu kidogo, na saluni zenye kazi nyingi hulipa bei hiyo bila manung'uniko. Zinaokoa muda wa msaidizi.

Kwa wanaouziwa nywele zinazodaiwa kuwa za binadamu, kipimo cha moto bado kina kazi. Unyweleunywele mmoja ukichomwa, nywele halisi hunuka kama manyoya yaliyoungua na kubaki majivu yanayosagika. Uzi wa kiwandani hunuka plastiki na kuganda kuwa kidonge kigumu. Kipimo hiki kifanywe nje ya duka, mbali na mzigo.

Suala la uzito nalo limewaumiza wengi. Pakiti huuzwa kwa idadi, lakini kichwa husukwa kwa gramu. Pakiti ya X-pression Ultra Braid, kwa mfano, ina gramu 165, na ziko pakiti nyingine zinazoonekana karibu sawa kwa unene lakini uzito wake haufiki nusu ya huo. Tuseme pakiti moja ya gramu 80 inauzwa shilingi 2,000 na nyingine ya gramu 165 inauzwa shilingi 3,500. Ya kwanza inaonekana rahisi, lakini kila gramu yake ni shilingi 25, wakati ya pili ni shilingi 21 na ushei. Bei hizo ni za mfano tu. Hesabu yenyewe ndiyo ya kufanywa kila mara. Mizani ndogo ya jikoni hujilipa kwa safari moja ya sokoni.

Baada ya uzi huja namba. Rangi za nywele za pakiti hutambuliwa kwa namba zinazofanana karibu duniani kote. Namba 1 ni nyeusi tii. 1B ni nyeusi iliyopungua kidogo, na kwa macho ya wasusi wengi ndiyo inayokaribia zaidi nywele za watu wetu, kwani ni wachache ambao nywele zao ni nyeusi kama makaa. Namba 2 ni kahawia inayokaribia weusi, 4 ni kahawia wazi zaidi, 33 na 30 zina wekundu, na 27 ni ya rangi ya asali. Halafu kuna ile nyekundu ya zabibu ambayo wateja huiita bagi. Kwa mtaji wa kuanzia, ni busara zaidi ya nusu ya mzigo iwe 1 na 1B, sehemu inayobaki ikigawanywa kati ya 2, 4 na 33. Rangi za mlangoni zinunuliwe kwa oda ya mteja aliyekwisha kulipa.

Kuna siri ndogo hapa inayoongeza mauzo. Msusi anayetafuta mwonekano wa asili mara nyingi huchanganya rangi mbili zinazokaribiana, 1B na 2, au 4 na 30, ili msuko usiwe na rangi moja bapa. Muuzaji anayelijua hili huzipanga namba hizo jirani, na mteja aliyekuja kuchukua pakiti tano za rangi moja huondoka na tatu za hii na tatu za ile.

Hata hivyo pakiti nzuri mkononi mwa msusi asiyejua hutoa kazi mbaya, na mteja hulaumu pakiti. Ndiyo maana ni vyema muuzaji akajua kazi yenyewe inavyofanyika.

Kwa njia ya zamani, msusi hukunja fungu la rasta katikati, hulikaba kwenye shina la nywele, na kuanza kusuka. Fundo dogo hubaki juu ya ngozi ya kichwa. Ni njia ya haraka na inashika vizuri, lakini fundo linaonekana, na uzito wote wa rasta unaning'inia kwenye nywele chache tangu siku ya kwanza. Njia mpya, ya rasta zisizo na fundo ambazo saluni nyingi huziita notlesi, huanza na nywele za mwenyewe. Msusi huzigawa mafungu matatu, husuka mara mbili tatu, kisha huingiza rasta nyembamba upande mmoja, anasuka tena, anaongeza upande wa pili, na hivyo hivyo mpaka unene utakiwao upatikane. Msuko hutoka kichwani ukiwa bapa na mwembamba, kama vile umeota hapo, na mhusika anaweza kufunga nywele juu siku ileile.

Maandalizi hayakwepeki. Nywele zioshwe, zikauke kabisa, na zinyooshwe kwa joto la wastani au kwa kusukwa mabutu usiku uliotangulia. Nywele zenye unyevu husinyaa ndani ya msuko na kuufanya ulegee baada ya siku chache. Mistari ya kugawa kichwa isiwe ya rula mno. Msusi hodari wa mwonekano wa asili huipinda kidogo mbele, na hupunguza unene wa misuko iliyo karibu na uso. Nywele za utosini zinaweza kubeba zaidi kuliko zile laini za kwenye kipaji na juu ya masikio. Rasta nazo lazima zikaribiane na nywele za mteja kwa ugumu. Mwenye nywele ngumu akisukwa kwa uzi unaoteleza kama hariri, mahali pa kuungia patajitangaza penyewe ndani ya wiki mbili. Kwa mteja huyo uzi wenye mkwaruzo, unaoitwa yaki kwenye pakiti, ndio unaofaa.

Mwisho wa kazi zamani ulikuwa kiberiti: ncha ziliunguzwa zigande. Siku hizi huchovywa kwenye maji yaliyotoka motoni, ambayo huulainisha uzi na kuufanya utulie bila kuacha kidonge cheusi kwenye ncha. Maji hayo yameunguza migongo na mapaja ya wateja katika saluni zenye haraka. Taulo nene na chombo kipana si gharama ya kubishania.

Sasa itazamwe hesabu ya saluni. Kichwa cha rasta nyembamba zisizo na fundo kinaweza kumchukua msusi mmoja siku nzima. Wakikaa watatu kwenye kichwa kimoja, kama inavyofanyika sana katika miji yetu, huisha kwa saa chache, lakini malipo nayo hugawanywa kwa watatu. Kinachouzwa na saluni kwa hiyo ni saa, na saa haziwekwi stoo. Mwenye saluni anayetoza notlesi bei ileile ya rasta za fundo kwa kuogopa kumpoteza mteja anauza saa mbili kwa bei ya moja. Wapo waliofunga milango wakidhani walikosa wateja, wakati viti vilikuwa vimejaa kutwa.

Hapa ndipo nguvu ya msusi inapoonekana. Mteja huja na picha kwenye simu. Hajui gramu wala namba. Msusi ndiye anayetazama picha na kusema nenda kalete pakiti sita za 1B, chapa fulani, duka fulani. Neno lake moja hupeleka fedha huku au kule mara nyingi kwa siku. Muuzaji mwenye akili humpa msusi pakiti moja ya majaribio kila anapopata chapa mpya, na husikiliza jibu kabla ya kuagiza boksi. Msusi huyo si lazima awe wa saluni yenye vioo. Jijini Dar es Salaam wapo wanaosuka barazani na chini ya miti, wakiwamo vijana wa Kimasai waliogeuza ujuzi wa nyumbani wa kusokota nywele kuwa ajira ya mjini, na wanunuzi wao ni wengi.

Kuna upande wa biashara hii ambao wauzaji hawapendi kuuzungumzia. Nywele zinazovutwa kwa muda mrefu hung'oka, na zikivutwa miaka mingi haziroti tena. Utafiti wa Profesa Nonhlanhla Khumalo na wenzake wa Cape Town, uliochapishwa mwaka 2007, uliona madhara ya aina hiyo kwa karibu mwanamke mmoja kati ya watatu waliopimwa. Dalili za mwanzo ni vipele kwenye kipaji na maumivu yanayomnyima mtu usingizi usiku wa kwanza. Imani kwamba rasta nzuri lazima iume ni ya hasara kwa pande zote: mteja aliyebaki na upara mbele hanunui tena pakiti, hununua wigi. Kukaa na rasta kati ya wiki sita na nane, kisha kupumzisha nywele, ni kiasi ambacho wasusi makini hukipendekeza, nacho kinampa muuzaji wateja wa kurudi mara tano sita kwa mwaka.

Swali jingine ambalo mteja wa sasa huuliza ni la kemikali. Februari 2025 jarida la Consumer Reports la Marekani lilitangaza kupima bidhaa 10 za nywele za kusukia zilizonunuliwa huko. Katika zote zilikutwa kemikali zinazohusishwa na saratani, na katika 9 ilikutwa risasi. Idadi hiyo ni ndogo na haisemi lolote la uhakika juu ya mzigo ulioko Kariakoo au River Road, lakini habari husafiri. Muuzaji asibishane na mteja. Kuna wanaoloweka rasta kwenye maji na siki na kuzianika kabla ya kusuka, hasa wenye ngozi inayowasha, na kazi hiyo hupunguza mwasho kwa baadhi yao. Lakini asiuze siki hiyo kama dawa ya kuondoa risasi.

Kwa upande wa kodi, kumbukumbu ya wafanyabiashara wengi ni Juni 2019. Katika bajeti ya mwaka 2019/20, Dk. Philip Mpango, aliyekuwa Waziri wa Fedha na Mipango, alitangaza ushuru wa bidhaa wa asilimia 25 kwa nywele za bandia zinazotoka nje na asilimia 10 kwa zinazotengenezwa nchini. Uzito wa tofauti hiyo unaonekana kwa mfano. Mizigo miwili ya shilingi 10,000 kila mmoja, wa nje ukiwa umekwisha kulipa forodha: wa nje huwa 12,500 baada ya ushuru wa bidhaa, na kwa VAT ya asilimia 18 hufika 14,750. Wa ndani huwa 11,000, kisha 12,980. Pengo ni shilingi 1,770, nalo ndilo linalowapa nafuu wenye viwanda vya kanda hii, na ndilo pia linalomtia mlanguzi tamaa. Viwango hivi huweza kuguswa kila Juni bajeti inaposomwa. Wakala wa forodha aulizwe kabla ya kuagiza, si mzigo ukiwa bandarini. Mawigi na misuko iliyokamilika huingia chini ya kifungu cha 67.04 cha forodha, wakati nyuzi ghafi ziko kwenye sura za 54 na 55, na kosa la karani katika namba hizo limewahi kula faida ya kontena zima.

Anayetafuta hisa katika sekta hii hana nafasi kubwa nyumbani. Hakuna kampuni ya nywele katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Godrej Consumer Products, iliyonunua asilimia 51 ya Darling mwaka 2011, huuziwa hisa zake India. Rebecca ya Xuchang, mji wa jimbo la Henan unaojulikana kwa mawigi, iko katika soko la Shanghai tangu 2003. Kwa mwekezaji wa kawaida kinachobaki ni kiti cha saluni, rafu ya duka, au mtaji wa kumkopesha msusi hodari anayetaka kusimama mwenyewe. Kati ya hivyo vitatu, hicho cha mwisho ndicho kinachopuuzwa zaidi, ingawa ujuzi wa kusuka bila fundo ni haba kuliko pakiti.

Misimu inajulikana. Desemba ndiyo mavuno: Krismasi, harusi, safari za kwenda kwao, na wanafunzi walio likizo ambao shuleni hukaa na nywele fupi au misuko mifupi ya kawaida. Sikukuu za Idi hufuata, nazo husogea kila mwaka kwa siku kumi au kumi na moja, jambo ambalo baadhi ya waagizaji hulisahau. Januari ni ya ada za shule na soko hulala. Mzigo kutoka China kwa meli, ukihesabiwa pamoja na utoaji bandarini, huchukua mwezi mmoja hadi miwili na wakati mwingine zaidi, kwa hiyo oda ya Desemba ifungwe kabla Septemba haijaisha. Kwa wanaochukua Kariakoo kwenda mikoani, wiki mbili za mwanzo za Novemba ndizo zenye bei ya kuridhisha. Baada ya hapo 1B huanza kuadimika, na wenye maghala huanza kuiuza kwa sharti la kuchukua pamoja na boksi la zambarau.